Chupa ya Precious

Jino la tatu lilipong'olewa, Loveness hakulia. Machozi yote yalikuwa yameishia kwenye la kwanza na la pili. Alilala kwenye kile kiti kirefu, pamba mdomoni, macho juu darini, ametulia kama mtu mzima aliyechoka. Aliyekuwa akilia ni mama yake, Praxeda, na alilia ameugeukia ukuta wa pili, asije mtoto akamwona.

Daktari wa meno aliitwa Mehjabeen. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani, mjini Tanga, naye mwenyewe alikulia kwenye vichochoro vile vile, akicheza rede na watoto wa wapangaji. Aliyapanga yale meno juu ya kitambaa cheupe, akamwita mama asogee aone.

"Hili moja la utoto, lingetoka lenyewe. Haya mawili, mama Loveness, ni magego ya ukubwani. Yalitakiwa kumfikisha uzeeni. Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi yamekaa kinywani miaka mitano tu."

Kabla ya sindano ya ganzi daktari alikuwa amempa Loveness kikombe kidogo, akamwambia ateme mate humo kwa dakika tano. Dakika tano zilikwisha, mate hayakufika hata nusu ya kidole, na yalikuwa mazito, yakivutika kama ulimbo. Daktari alichovya kikaratasi cha kupimia uchachu, kikageuka rangi. Praxeda hakuelewa rangi ile ilisema nini, lakini aliuona uso wa daktari.

"Mate ndiyo dobi wa kinywa," Mehjabeen alisema. "Mtoto akinywa kitu kitamu, kinywa kinachachuka, na ule uchachu unaanza kulilainisha jino. Mate huja yakaosha, yakalirudishia jino nguvu yake. Lakini yanataka muda, nusu saa na zaidi. Sasa mtoto apige funda moja, baada ya robo saa funda jingine, kutwa nzima. Dobi atafua saa ngapi? Anakunywa nini huyu?"

"Soda simpi kabisa, daktari," Praxeda alijibu haraka, tena kwa fahari. "Anakunywa juisi ya machungwa. Hii hapa, ya kantini ya shule."

Akatoa chupa kwenye begi la Loveness. Ilikuwa na lebo ya bibi kizee anayetabasamu na kikapu cha machungwa, na maandishi makubwa: Chungwa la Bibi. Daktari alidondosha matone kwenye kikaratasi kingine, akakitazama, kisha akanusa chupa.

"Hii ni sukari, rangi na unga wa uchachu. Machungwa hayakupita hata njiani."

Neno lile lilimchoma Praxeda mahali pabaya. Yeye alizaliwa Muheza. Wazazi wake walishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, na walipoacha mkonge walipanda michungwa. Alikua akila machungwa mpaka midomo inawasha. Leo hii alikuwa amemnunulia mwanawe maji ya rangi, kila siku ya Mungu, kwa miaka miwili, kwa sababu ya picha ya bibi kwenye lebo.

Daktari alikuwa bado hajamaliza. Aliinua nywele za Loveness kisogoni, akaitazama ngozi ya shingo iliyokuwa nyeusi, nene kidogo. Praxeda alizoea kuisugua kwa dodoki akidhani ni uchafu. Mehjabeen akaandika barua ya kwenda hospitali kupima sukari. Majibu yalitoka baada ya siku nne: sukari ya mtoto ilikuwa imepanda juu ya kawaida. Ugonjwa wenyewe ulikuwa haujaingia, ila ulikuwa umesimama mlangoni. Ile kiu ya kila saa, ule uchovu wa mchana, kumbe vilikuwa na jina.

"Lakini kwa nini hunywi maji shuleni?" Praxeda alimuuliza mwanawe wakirudi nyumbani.

Loveness alijibu huku ameshika shavu. "Maji hayapo, mama. Pipa waliliondoa."

"Nani waliliondoa?"

"Mama Precious. Alisema lina kipindupindu."

*

Bertha, mama yake Precious, ndiye aliyekuwa na zabuni ya kantini, na Chungwa la Bibi ilitengenezwa uani kwake. Yeye na Praxeda walisali jumuiya moja, na kwenye kwaya walisimama bega kwa bega, sauti ya pili. Kwa hiyo Praxeda hakwenda kwa shari. Alisubiri sala ya jumuiya iishe Jumamosi, wanawake wakiwa bado wamekaa mikekani, akamwendea taratibu.

"Mama Precious, nina jambo. Mwanangu kang'olewa meno, na sukari imempanda. Daktari kasema ni juisi. Nilikuwa naomba, japo lile pipa la maji lirudishwe."

Bertha alicheka. Hakucheka kwa siri; alicheka wanawake wote wakageuka.

"Meno? Watoto wote duniani wanang'oka meno, Praxeda."

"Ya ukubwani, mawili."

"Basi mnunulie mswaki!" Bertha akawageukia wenzake, mikono imefunguliwa kama anayehubiri. "Jamani, mama mvivu, mtoto halali kapiga mswaki wala haamki kapiga mswaki, halafu lawama kwa juisi yangu! Watoto mia nne wanakunywa. Mbona kibogoyo ni mmoja?"

Baadhi walicheka. Wengine waliinamisha macho. Praxeda alichukua kanga yake akaondoka, na kufika Jumatatu lile neno lilikuwa limeshaingia shuleni. Loveness alirudi nyumbani mapema, akajifungia chumbani. Darasa zima la tano lilikuwa likimwita Bibi Kibogoyo, wengine wakiinua chupa zao na kumwonyesha yule bibi wa kwenye lebo.

Mume wake, Ernesti, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na kurudi mwisho wa wiki, alimwambia amwachie Mungu. Praxeda alikuwa akikuna nazi, na aliikuna mpaka akafika kwenye kifuu, akaendelea kukuna kifuu. Moyoni alikuwa ameshaapa. Bertha alimdhalilisha mbele za watu, basi mbele za watu atalipwa, na atalipwa kwa kinywa chake mwenyewe.

*

Wiki mbili baadaye Praxeda alibisha hodi kwa Bertha, kichwa chini. Alisema alikosea. Alisema daktari alimpotosha, na kwamba hali ya nyumbani ni ngumu, kama kuna kazi yoyote uani ataifanya.

Bertha alimtazama kwa furaha ya mtu anayeletewa zawadi asiyoiomba. "Unaona sasa," alisema. "Mimi sina kinyongo. Njoo uoshe chupa."

Kwa hiyo Praxeda akaosha chupa. Aliosha chupa wiki sita, akiinama kwenye beseni tangu asubuhi, akiitika abee kila akiitwa. Wanawake wa jumuiya walipopita, Bertha aliwaonyesha kwa kidevu: yule pale, amerudi. Praxeda alitabasamu. Kila tabasamu lilikuwa chungu mdomoni, na kila moja alilihesabu kama deni.

Aliona kila kitu. Aliona sukari ikimwagwa kwenye ndoo kubwa, gunia kwa gunia. Aliona rangi ya manjano, na ule unga mweupe wa uchachu ambao Bertha alivaa glovu kuugusa. Chungwa halikuwahi kuingia uani pale, isipokuwa moja alilokula mlinzi. Wiki ya tatu alipandishwa cheo, akawa anajaza pia. Na hapo ndipo Bertha alipompa sharti moja.

"Hii yenye utepe mwekundu ni chupa ya Precious. Usiijaze kwenye ndoo. Ichemshie maji, yapoe, tia tone moja la rangi, funga. Umenisikia? Tone moja, na maji matupu."

"Nimesikia, mama Precious. Na sukari?"

"Nimesema maji matupu."

Precious alikuwa na miaka kumi, mtoto mwembamba, mpole, mwenye adabu ya kumwamkia hata mwosha chupa. Kila asubuhi alipita uani akiwa na sare yake, anasema "Shikamoo mama Loveness," anachukua chupa yake, anaitia begini. Shuleni alikaa mstari wa mbele na ile chupa juu ya dawati, bibi akitabasamu kwenye lebo. Nani angeikataa juisi ambayo mwenye nayo anampa mwanawe?

Siku moja Praxeda alimuuliza, polepole, huku akimfunga kamba ya kiatu. "Precious, mbona wewe hunywi ya kwenye ndoo?"

"Naumwa, mama Loveness. Nina sukari. Nikiinywa ile naweza kuanguka." Aliangalia mlango wa jikoni. "Zamani nilikuwa naipenda sana. Halafu meno yakaharibika, tukaenda Dar es Salaam, daktari akanipima na damu. Akasema nisiiguse tena. Akamwambia mama hata watoto wengine si nzuri kwao kuinywa kutwa. Lakini mama kasema nisimwambie mtu."

"Lini hiyo?"

"Nilipokuwa darasa la pili."

Precious sasa alikuwa darasa la nne. Pipa la maji liliondolewa mwaka jana. Praxeda alimaliza kufunga kiatu, akamwambia mtoto asichelewe shule. Kisha akaenda kukaa nyuma ya tanki la maji. Mpaka siku ile, katika hasira zake zote, alikuwa amemwachia Bertha upenyo mmoja: labda hajui. Kumbe alijua. Aliambiwa na daktari, akamkinga wa kwake, halafu akarudi Tanga akawaondolea wa wenzake maji ya kunywa.

Hapo hasira ya Praxeda iliacha kuchemka, ikatulia, na ilipotulia ndipo alipojua atafanya nini.

*

Siku ya Wazazi ilifika Ijumaa ya mwisho ya muhula. Maturubai yalifungwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, kipaza sauti kikakohoa mara tatu kikakubali. Wazazi walijaa: akina mama wa Ngamiani kwa madira, wafanyabiashara, watu waliokuja kwa baiskeli kutoka mbali. Mwalimu mkuu, Hosea, alikuwa amevaa suti. Bertha alikuwa mgeni maalumu, maana alikuwa ametoa zawadi za wanafunzi bora, na kamati ilikuwa inataka kumwongezea zabuni ya miaka mitatu. Katika ratiba paliandikwa kwamba Precious atapanda jukwaani anywe Chungwa la Bibi mbele ya wazazi, baada ya watoto wote kugawiwa bure.

Asubuhi ile Praxeda alijaza chupa mia nne kutoka kwenye ndoo. Ya utepe mwekundu aliijaza kama siku zote: maji yaliyochemshwa, tone moja la rangi. Aliionja mwenyewe kabla ya kuifunga. Aliionja mara mbili. Alitaka kumwangusha Bertha, hakutaka kumwangusha mtoto.

Bertha alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti. Alizungumza juu ya afya, juu ya vitamini, juu ya matunda ya nyumbani kwetu Muheza. Praxeda alisimama nyuma yake na sinia, aproni nyeupe kiunoni, na aliposikia jina la Muheza aliuma ulimi.

"Na sasa mwanangu, Precious, njoo mama uwaonyeshe."

Precious alipanda, gauni jeupe, chupa ya utepe mwekundu mkononi. Watu walipiga makofi. Praxeda alisogea na sinia kumpa Bertha glasi yake, akainama karibu na sikio lake kama mtumishi mwenye heshima.

"Mama Precious," alinong'ona, "leo kwa haraka nimejaza zote ndoo moja. Na ile ya Precious."

Bertha aligeuka. Praxeda aliutazama uso ule ukibadilika, na kwa miezi mingi baadaye angeukumbuka kila akilala na kila akiamka: jinsi tabasamu lilivyobaki midomoni sekunde nzima macho yakiwa yameshakufa. Precious alikuwa ameshafungua kizibo. Chupa ilikuwa imegusa mdomo.

"Precious, usinywe!" Bertha alipiga ukelele, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake. "Usinywe hiyo! Itakuua!"

Akaruka, akaipiga ile chupa. Ikaruka, ikagonga mguu wa meza, ikaviringika. Neno "itakuua" lilizunguka uwanja mzima, likagonga ukuta wa madarasa, likarudi. Watu mia sita wakageuka kuitazama ile chupa. Kwenye mistari ya mbele watoto walikuwa wameshika chupa zao, wengine zimekwisha nusu.

Praxeda aliweka sinia chini. Aliinama akaiokota chupa. Ilikuwa na kama robo iliyosalia. Akampelekea mwalimu mkuu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, tafadhali onja."

Hosea alisita. Akaonja. Akaonja tena, akakunja uso kama aliyechezewa mchezo. "Ni maji," alisema.

"Haikusikika, mwalimu."

Aliinama kwenye kipaza sauti kilichokuwa kimeanguka mezani. "Ni maji. Maji matupu."

"Ndiyo anayokunywa Precious kila siku," Praxeda alisema, na sauti yake ya kwaya haikuhitaji kipaza. "Kila siku! Nayatia mimi kwa mikono yangu, kwa amri ya mama yake. Mtoto ana sukari, daktari kamkataza hii juisi tangu yuko darasa la pili. Mama yake anajua. Anajua, jamani! Wa kwake maji, wenu sukari, na pipa la maji akaliondoa ili mkose pa kukimbilia!"

Akamwita Loveness. Mtoto alikuja kutoka mstari wa tano, hatua fupi fupi. Praxeda alimshika kidevu. "Fungua kinywa, mama. Waone."

Loveness alifungua. Macho yake aliyafumba.

Kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Mama mmoja aliinuka akamwaga chupa ya mwanawe kwenye mchanga, na mwingine, na mwingine, mpaka uwanja ukanata kila ulipokanyaga. Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wa kamati, alisimama akasema zabuni imekufa leo hii, hapa hapa. Wanaume wawili walikwenda stoo, wakalitoa pipa la bluu, wakaliviringisha mpaka katikati ya uwanja huku watu wakishangilia kama goli limefungwa. Bertha alisukumwa akielekea getini. Mtu alimpigia kelele "kibogoyo!" ingawa meno yake yote yalikuwepo.

Praxeda hakusukuma wala hakupiga kelele. Alisimama akitazama, na raha iliyompanda kifuani ilikuwa kubwa mpaka akaogopa. Ni katikati ya raha ile alipomwona Precious. Mtoto alikuwa amebaki peke yake jukwaani, gauni limelowa, na watoto wa darasa la nne wakinong'onezana wakimwonyesha kidole: ana sukari, yule, ana sukari.

*

Padri aliwaita Praxeda na Bertha ofisini. Bertha alilia, akapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi, akasema alishikwa na tamaa na anaomba msamaha. Padri alimtazama Praxeda.

"Nimesikia, baba," Praxeda alisema.

"Kusikia si kusamehe, mwanangu."

"Ndiyo, baba. Nimesikia tu."

Bertha alifunga ua wake, akahamia kwa dada yake Pangani. Loveness alianza kunywa maji, chai kavu, na maziwa yasiyotiwa sukari; mwezi wa kwanza alinuna, mwezi wa pili akazoea. Mehjabeen alimpima tena mate, safari hii kikombe kikafika nusu, na kikaratasi kikatoka na rangi iliyomfanya daktari atabasamu. Sukari ilikuwa imeshuka. Magego hayakuwa na namna ya kurudi, na upande ule wa kulia Loveness alitafunia kwa tahadhari.

Ilikuwa mwezi wa tano tangu Siku ya Wazazi Praxeda aliposikia kwamba Bertha anauza tena. Si Chungwa la Bibi. Lebo nyingine, picha nyingine, nje ya shule moja huko Pangani. Siku hiyo hiyo alipanga safari.

"Jiandae," alimwambia Loveness. "Kesho tunakwenda Pangani. Walimu wa kule lazima waone."

"Waone nini?"

"Meno."

Loveness aliacha kuandika. Hakupandisha sauti. "Mama, mimi sifungui tena kinywa. Siku ile hukuniuliza. Na Precious hukumuuliza. Nenda peke yako."

Praxeda alitaka kusema, nilifanya kwa ajili yako. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakakataa kutoka, kwa sababu alijua ni nusu tu ya ukweli.

Alikwenda peke yake. Alimkuta mwalimu mkuu wa ile shule, akamweleza yote, polepole, bila kuongeza chumvi, na barua ya daktari Mehjabeen akaiacha mezani. Mwalimu aliandika, akashukuru, akasema kuanzia kesho haitauzwa hata chupa moja getini. Praxeda aliushika mkono wake akautikisa. Alikuwa hajamsamehe Bertha na hakuwa na mpango wa kumsamehe. Kama angehamia mji mwingine, angemfuata huko pia.

Nje ya geti, upande wa pili wa barabara, Bertha alikuwa akipanga chupa juu ya meza, mgongo umegeuka. Pembeni yake alisimama Precious, amerefuka kidogo, amevaa sare ya shule mpya. Mtoto ndiye aliyemwona kwanza. Akakunja magoti kidogo, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mama Loveness."

Bertha aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Wale wanawake wawili wakatazamana, gari moja likapita katikati yao, na la pili.

"Marahaba, mwanangu," Praxeda alisema. Alisimama pale kwa muda, akitafuta neno jingine la kumwambia yule mtoto. Hakulipata. Alijifunga kanga vizuri, akaelekea stendi.